KUFUNDISHA SI KUSEMA TU

Mzazi auzapo mtamba wake ili amlipie mwanawe karo ya chuo cha ufundi, hanunui karatasi ya kutundika ukutani. Ataka mwana yule arudi akiwa fundi: aweze kutia taa katika nyumba ya mtu bila kuhatarisha roho za walalao humo, aweze kukata kitambaa cha mteja asikiharibu, aweze kufungua injini na kurudisha vyuma vyake vyote mahali pake. Kadhalika kijana mwenyewe ametoa miaka yake miwili au mitatu, nayo miaka haikopeshwi wala hairudishwi.

Walakini hutukia mara nyingi kwamba kijana amehudhuria kila siku, amejaza daftari tatu kwa mwandiko safi, na tena amefaulu mtihani wa kuandika. Lakini siku ya kwanza ya kazi, fundi mkuu anapomkabidhi koleo na kumwambia aunge waya, mikono yake hutetemeka. Maneno anayo, kazi haijui. Watu humtazama wakasema, "Vijana wa siku hizi ni wavivu." Pengine ni kweli kwa baadhi yao. Lakini kabla ya kumlaumu, yafaa tuulize: kijana huyu alifundishwa kwa namna gani?

Katika makala haya twataka kueleza jambo moja tu, nalo ni hili: mafundisho hayamaliziki mwalimu anapomaliza kusema. Humalizika mwanafunzi anapoweza kutenda peke yake, na mwalimu akaliona hilo kwa macho yake. Tutaeleza jinsi jambo hili lilivyojaribiwa katika nchi nyingine, na jinsi linavyoweza kufuatwa katika vyuo vya hapa kwetu, hata vile ambavyo vifaa vyake ni haba.

Vyuo vyetu vilikotoka

Mafundisho ya ufundi si mageni katika Kenya. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Kabete mahali pa kuwafundishia vijana wa Kiafrika kazi za mikono, palipoitwa Native Industrial Training Depot. Mahali hapo sasa ni Kabete National Polytechnic. Mwaka 1961 Kenya Polytechnic ilifunguliwa Nairobi, nayo tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu cha ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianza pia vyuo vidogo vya vijijini kwa ajili ya vijana waliomaliza shule za msingi wakakosa nafasi ya kuendelea mbele.

Mwaka 2013 ilipitishwa sheria mpya ya mafunzo ya ufundi. Kwa sheria hiyo liliundwa baraza la kutunga mitaala na kuwapima wanafunzi wa ufundi. Katika kozi zinazofuata utaratibu wa baraza hilo, mwanafunzi hapimwi kwa karatasi peke yake. Hutakiwa atende kazi mbele ya mpimaji, na aweke jalada lenye ushahidi wa kazi alizozifanya. Mwisho wake huambiwa kwamba ameiweza kazi, au kwamba bado hajaiweza.

Utaratibu huu ni mzuri. Lakini sheria haiwezi kuingia darasani ikashika chaki. Aingiaye darasani ni mwalimu. Naye ikiwa atasimama mbele ya ubao kwa saa mbili akisoma daftari lake la zamani, na wanafunzi 50 wakinakili kama waandikao imla, mtaala mpya utakuwa jina jipya tu la kazi ya zamani.

Fundo la waya wa taa

Mwaka 1940 vita vilikuwa vimekwisha kuwaka Ulaya, na viwanda vya Marekani vilikuwa vikipewa kazi nyingi za kutengeneza silaha, meli na ndege. Mafundi wenye ujuzi hawakutosha. Watu wapya waliingia viwandani kwa maelfu, wanawake kwa wanaume, na wengi wao walikuwa hawajapata kushika chombo cha kiwandani maishani mwao. Basi katika mwezi wa Agosti mwaka ule iliundwa huduma ya serikali iliyoitwa Training Within Industry, chini ya uongozi wa Bwana Channing Dooley. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafunza wasimamizi wa viwanda namna ya kumfundisha mtu kazi upesi na kwa usahihi.

Mafunzo hayo yalichukua saa 10 tu, yaani vikao vitano vya saa mbili mbili, na kila kundi lilikuwa la watu wapatao 10. Katika kikao cha kwanza mkufunzi alitoa kipande cha waya wa taa, akafanya jambo ambalo waliohudhuria hawakulisahau.

Ili msomaji afahamu, yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Waya wa taa ya kuning'inia una nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Ncha zake hushikwa na skrubu ndogo ndani ya kishikio cha taa. Taa ikivutwa, au uzito wake ukizidi, ncha hizo huweza kuchomoka zikagusana na kuleta hatari ya moto. Kwa hiyo fundi hupiga fundo maalumu ndani ya kishikio, ili uzito wote ulemee fundo hilo, skrubu zisipate taabu.

Mkufunzi alimwita mtu mmoja akampa waya, kisha akamweleza kwa maneno matupu namna ya kupiga fundo. Nasi tutafanya vivyo hivyo hapa. Fumua nyaya mbili kadiri ya inchi 6, uzinyoshe. Kwa waya wa kulia fanya kitanzi, ukipitisha ncha yake mbele ya waya mkuu. Kwa waya wa kushoto fanya kitanzi cha pili: vuta ncha yake ije kwako, ipite chini ya ncha ya kwanza, kisha nyuma ya waya mkuu. Ingiza ncha hiyo ndani ya kitanzi cha kulia. Halafu vuta ncha zote mbili ziwe sawa, mpaka fundo likaze.

Msomaji, chukua kamba mbili nyembamba ujaribu kwa maneno hayo tu. Kama umeshindwa, usione haya. Mtu yule naye alishindwa, ijapokuwa kila neno aliloambiwa lilikuwa la kweli na lilikuwa katika mpango wake.

Kisha mkufunzi alimwita mtu wa pili. Huyu hakuambiwa neno. Alionyeshwa tu kwa mikono, naye amesimama kuelekeana na mkufunzi, hivyo kulia kukawa kushoto na kushoto kukawa kulia. Alipopewa waya, yeye pia alishindwa. Ndipo mkufunzi akamwita mtu wa tatu, akamfundisha kwa hatua nne. Mtu huyu aliweza kupiga fundo, akarudia tena, na tena akaweza kueleza kwa nini kila jambo hufanywa vile.

Waliotazama walijifunza mambo mawili. La kwanza, kueleza peke yake hakutoshi. La pili, kuonyesha peke yake hakutoshi. Nasi tukitazama madarasa yetu, tutaona kwamba aghalabu mwalimu wa nadharia hueleza asionyeshe, na mwalimu wa karakana huonyesha asieleze, na mwanafunzi hubaki katikati kama mtu aliyepewa nusu mbili za ufunguo mmoja.

Hatua nne za kumfundisha mtu kazi

Hatua hizi hazikuzaliwa mwaka 1940. Mmarekani mmoja, Charles Allen, alikuwa amekwisha kuzieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1919, baada ya vita vya kwanza, ambavyo katika wakati wake watu wengi walihitaji kufundishwa kazi ya kuunda meli kwa haraka. Watu wa mwaka 1940 walizifanya ziwe rahisi, wakaziandika katika kadi ndogo ya kutiwa mfukoni. Twazieleza hapa kwa mfano wa darasa la umeme, lakini mwalimu wa ushonaji, upishi, useremala au uhasibu aweza kuzitumia vilevile.

Hatua ya kwanza ni kumtayarisha mwanafunzi. Mwenye hofu hajifunzi. Mwalimu humtuliza, humwambia kazi ya leo ni ipi, kisha humwuliza anajua nini juu yake. Swali hili ni la thamani kuliko tunavyodhani. Katika darasa lolote huweza kuwapo kijana aliyewahi kumsaidia mjomba wake kutia nyaya, na mwingine asiyepata kuishi katika nyumba yenye stima. Mwalimu asiyeuliza atamchosha wa kwanza na kumwacha wa pili. Kisha humweleza kazi hiyo ina faida gani, maana mtu hushika kwa nguvu kile ajuacho kwamba atakihitaji. Mwisho humweka mahali pazuri pa kutazamia, asione mambo kinyume.

Hatua ya pili ni kuonyesha kazi. Hapa mwalimu hueleza na kuonyesha kwa pamoja, sehemu moja baada ya nyingine. Katika kila sehemu hutaja jambo la kuangaliwa, yaani lile ambalo likikosewa kazi huharibika au mtu huumia. Katika fundo letu, inchi 6 ni jambo la kuangaliwa, maana waya ukifumuliwa mfupi mno fundo halipatikani. Kupitisha ncha mbele au nyuma ya waya mkuu ni jambo jingine. Mwalimu asipoyatenga mambo haya, mwanafunzi hudhani kila neno lina uzito uleule, akashika yasiyo na maana na kuacha yenye maana. Tena mwalimu asitoe mengi kuliko mwanafunzi awezavyo kuyachukua kwa mara moja.

Hatua ya tatu ni kumjaribisha mwanafunzi. Hii ndiyo hatua inayoachwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu huchukua muda. Mwanafunzi hufanya kazi, na mwalimu humsahihisha palepale akikosea, kabla kosa halijawa mazoea. Kisha huifanya tena, na mara hii hueleza kwa kinywa chake mwenyewe mambo ya kuangaliwa na sababu zake. Huendelea hivyo hata mwalimu awe na yakini kwamba mwanafunzi amejua. Haitoshi kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu," na nusu yao hawajui walichoitikia. Wameitika kwa adabu, na adabu ni jambo jema, lakini haishiki waya.

Hatua ya nne ni kumfuatia. Mwanafunzi huachwa afanye peke yake, lakini huambiwa ni nani wa kumwendea akikwama. Mwalimu humpitia mara kwa mara, humtia moyo aulize, kisha hupunguza msaada kidogo kidogo, kama mama anayemwachilia mtoto mkono anapojifunza kutembea.

Mafunzo ya wasimamizi wale yalikuwa na sharti moja zaidi. Kila mtu alitakiwa alete kazi yake halisi ya kiwandani, asimame mbele ya wenzake na kuifundisha kwa hatua hizo nne. Hivyo wafundishao nao walifundishwa kwa kutenda. Huduma ile ilipofungwa mwaka 1945, vyeti zaidi ya milioni moja na nusu vilikuwa vimetolewa katika mafunzo yake yote. Uingereza iliyachukua mafunzo hayo mwaka 1944, na Japani baada ya vita. Kampuni ya Toyota ni mojawapo ya zile zilizoyafuata. Na fundisho kuu lililobebwa kutoka nchi hata nchi ni kwamba, ikiwa mwanafunzi hajajifunza, mwalimu asihesabu kwamba amefundisha.

Je, na somo la nadharia?

Mwalimu mmoja aweza kusema: "Hayo ni ya karakana. Mimi nafundisha kanuni za umeme, hesabu za biashara, na sheria za usalama. Hapa hapana fundo la kupiga." Neno lake lina haki, lakini hata darasa la nadharia lina kazi yake, nayo ni kufikiri. Mwanafunzi anakili akilala. Hawezi kufikiri akilala.

Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitoa hesabu ya uchunguzi 225 uliofanywa katika madarasa ya sayansi, uhandisi na hesabu ya vyuo vikuu. Walilinganisha madarasa ambayo mwalimu huhutubu tu na yale ambayo wanafunzi hufanya kazi darasani, kama vile kujibu maswali, kujadiliana na kutatua matatizo. Katika madarasa ya kuhutubu, wanafunzi kama 34 katika kila 100 walianguka. Katika madarasa ya kutenda walianguka kama 22. Vyuo vikuu si sawa na vyuo vya ufundi, lakini akili ya mwanadamu ni ileile, na tofauti ya watu 12 katika kila 100 si ndogo. Kwa wazazi 12 hiyo ni karo iliyookoka.

Basi mwalimu afanye nini? Twataja mambo matatu ambayo hayana gharama.

La kwanza ni kungoja. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Mary Budd Rowe, alichunguza masomo ya sayansi katika shule za watoto, na mwaka 1974 alieleza aliyoyaona. Walimu walipouliza swali, walingoja kwa kadiri ya sekunde moja tu, kisha wakamtaja mwingine au wakajibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijibu kwa hiari yao, na wale wa kusema "sijui" walipungua. Mwalimu wa chuo na ajaribu jambo hili kesho. Aulize, "Kwa nini fyuzi imekatika?" kisha anyamaze. Kimya kile kitamsumbua yeye kuliko wanafunzi, lakini ndani yake watu wanafikiri.

La pili ni kuwataka wanafunzi wakumbuke bila kutazama daftari. Mwaka 2006 wachunguzi wawili, Roediger na Karpicke, walitoa habari za jaribio lao. Wanafunzi walisoma habari fupi. Baadhi walirudia kuisoma, na baadhi walifunga kurasa wakaandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walikuwa na sehemu 56 katika 100 za habari ile, na waliorudia kusoma walikuwa na 42. Kwa hiyo kusoma tena na tena humpa mtu faraja, bali kujiuliza humpa akiba. Mwalimu aweza kuanza kila kipindi kwa dakika tano za namna hii: daftari zifungwe, kila mtu aandike mambo matatu ya kuangaliwa katika kazi ya jana, kisha walinganishe kwa jirani. Karatasi hizo zisitiwe alama. Madhumuni yake ni kumjulisha mwanafunzi, na mwalimu pia, mahali palipovuja.

La tatu ni kuanza na taabu ya kweli. Badala ya kuandika ubaoni kichwa cha somo na maelezo yake kumi, mwalimu wa hesabu za biashara aweza kusema: "Mama mmoja sokoni anauza nyanya kila siku, fedha zapita mikononi mwake, lakini mwisho wa mwezi hana kitu. Mtafutieni mahali zinapopotelea." Wanafunzi watajadiliana, watakosea, watabishana. Hapo mwalimu anapowaeleza tofauti ya mauzo na faida, maelezo yake yatawakuta na njaa.

Vikwazo vilivyopo

Hatusemi kwamba kazi hii ni nyepesi. Walimu wengi wana madarasa makubwa na vyombo vichache. Mwenye mbao tano za kufundishia umeme na wanafunzi 40 atauliza, "Watatenda kwa zamu gani?"

Njia mojawapo ni kugawa kazi katika makundi ya watu wanne. Mmoja hutenda. Wa pili humsomea hatua. Wa tatu hutazama mambo ya kuangaliwa na kumsimamisha akikosea. Wa nne huandika kosa lililotokea na sababu yake. Baada ya dakika chache hubadilishana, mpaka kila mmoja awe ametenda. Hivyo ubao mmoja huwashughulisha watu wanne, wala hapana anayesimama nyuma akitazama dirishani. Watakaosalia bila ubao wapewe kazi isiyohitaji vyombo vya thamani, kisha makundi yapokezane. Fundo la waya hujifunzwa kwa vipande vya kamba. Kukata nguo hujifunzwa kwa magazeti ya zamani kabla ya kugusa kitambaa. Hapana budi mwalimu apite kati ya makundi, maana akikaa mezani kusahihisha karatasi, makundi hugeuka kuwa baraza la maongezi. Na pale penye stima yenyewe, pasiwe na kujaribu bila mwalimu kuwapo na umeme kuzimwa kwanza.

Kikwazo kingine ni lugha. Vitabu na mitihani ya vyuo vyetu ni ya Kiingereza, na mwanafunzi hana budi kuyajua maneno hayo ili afaulu na ili aweze kusoma maagizo ya mashine. Lakini wengine hukaa kimya darasani kwa kuogopa kuchekwa kwa Kiingereza chao, na kimya hicho mwalimu hukidhania kuwa ni ujinga. Yafaa waruhusiwe kwanza kuelezana kwa Kiswahili, wakiisha kuifahamu kazi wairudie kwa Kiingereza cha mtihani. Mtu akilijua jambo, jina lake la pili halimshindi.

Kikwazo cha tatu hakionekani kwa macho. Kwa miaka mingi vyuo vya ufundi vimefikiriwa na watu kuwa ni makimbilio ya walioshindwa mtihani wa sekondari. Kijana huingia chuoni akiwa amekwisha kuambiwa na jamaa zake kwamba yeye si wa kusoma. Mwalimu akimwita kwa jina, akamwonyesha kosa lake bila kumtukana, na akamsifu kwa kazi aliyoiweza kweli, humrudishia kitu alichonyang'anywa. Lakini sifa za bure hazifai. Kijana anajua kama randa yake imenyoosha ubao au haikunyoosha, na mwalimu asifuye ubao uliopinda hupoteza heshima mara mbili.

Na mwalimu naye atazame viti vyake. Mwanafunzi asipoonekana siku mbili, asingoje mwisho wa muhula kuuliza. Pengine karo imekwisha, pengine kuna mgonjwa nyumbani, pengine alishindwa na somo la Jumatatu akaona haya kurudi Jumanne. Neno moja la mapema huweza kumrudisha, na baada ya mwezi mmoja hata maneno mia hayatoshi.

Fungu la mwanafunzi na la mzazi

Maneno haya si ya walimu peke yao. Mwanafunzi asiye na swali humnyima mwalimu macho. Wewe usomaye chuoni, usingoje kuonyeshwa kila kitu. Jioni ufungapo daftari, jiulize: leo naweza kufanya nini ambacho jana sikuweza? Mwenzako akikwama, mweleze, maana umwelezapo mwingine ndipo utakapoona mahali usipopajua wewe. Ukikosea mbele ya darasa, shukuru kwamba umekosea mahali ambapo kosa halimwui mtu.

Nawe mzazi, kijana ajapo nyumbani likizo, usimwulize tu amekuwa wa ngapi. Mpe kazi ya kadiri yake. Kama anasoma ushonaji, mpe nguo iliyochanika. Kama anasoma useremala, mpe kiti kilichovunjika mguu. Kama anasoma hesabu, mpe daftari la duka. Kaa karibu naye, umtake akueleze anachofanya na kwa nini. Ukiona anafanya na kueleza, ujue mtamba wako hakupotea. Ukiona anashindwa, usimpigie kelele. Nenda chuoni uzungumze na mwalimu wake kwa heshima, umwulize ni mara ngapi mwanao ameshika chombo kwa mkono wake mwenyewe.

Swali hilo ni haki ya mzazi kuliuliza, na mwalimu mwema hatachukizwa nalo. Fundo la waya wa taa ni dogo kuliko kidole gumba, na likiisha kufunikwa na kishikio hapana aliyeko nyumbani awezaye kuliona. Lakini watoto wa nyumba ile watalala chini ya taa hiyo kila usiku, na usalama wao utakuwa umetoka katika darasa ambalo mwalimu hakuondoka mpaka amemwona kila mwanafunzi akilipiga fundo lile peke yake.